Betri ya drili imekufa? Pima kwanza kabla hujatupa

Kuchele wadau. Hela ya korosho ikishaingia huku kwetu kila mtu anaezeka, mafundi wanaitwa kila kona na drili ndo zinagomea hapohapo, kwa hiyo maswali karibu yote yaliyokuja safari hii ni ya betri za drili na graenda za kuchaji. Nimechukua haya.

Fundi, nipo Masasi, napiga dari za gipsamu. Betri yangu imeandikwa 21V ila drili imeandikwa 18V. Ilikaa kama miezi mitano sijaigusa, sasa nikiiweka kwenye chaja taa inapepesa tu halafu inakataa. Nitupe ninunue nyingine?

Usitupe kwanza. Hiyo 18 na 21 ni kitu kilekile kaka. Ndani mna seli za duara za lithiamu zinaitwa 18650, unene milimita 18 urefu milimita 65, kila moja ina volti 3.6 za kawaida na ikijaa kabisa inafika 4.2, sasa zipange tano kwa siriz, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, mara 3.6 unapata 18, mara 4.2 unapata 21. Muuzaji anaandika ile kubwa maana ndo inayouza.

Ifungue, na kabla hujaifungua vua pete na saa. Nasema hivyo kwa sababu mimi pete yangu ya ndoa iligusa nikeli mbili, vile vibati bapa vinavyounga seli, za betri iliyojaa, sekunde moja tu ikawa ya moto kama mkaa, kovu ninalo mpaka leo na pete yenyewe ilibidi ikatwe kwa koleo, nyumbani maelezo nilitoa mwezi mzima.

Ukishafungua chukua multimita, kile kipimo cha volti, upime seli moja moja, au mstari mmoja mmoja kama ni zile betri nene zenye seli 10 maana hizo seli zimefungwa mbilimbili kwa paralelo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kila jozi ndo mstari. Usipime jumla ukaridhika. Jumla inadanganya. Mara nyingi sana utakuta mistari minne inasoma 3.5 hivi, na mmoja umelala kwenye 1 na kitu, huyo mmoja ndo anayefanya chaja igome, wenzake wazima kabisa. Inatokea hivyo kwa sababu seli hazichoki sawasawa, na kuna bodi, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, zinazokunywa umeme kidogokidogo toka kwenye mstari mmoja kuliko mingine hata betri ikiwa imekaa tu kabatini, na bodi nyingi za hizi betri hazina kazi ya kusawazisha, zenyewe zinalinda tu.

Sasa uamuzi. Ukikuta mstari uliolala upo juu ya 2.5, uchaji peke yake taratibu kwa kale ka chaja ka seli moja kanakoishia 4.2, ukilingana na wenzake simamisha, uache siku tatu nne bila kutumia halafu pima tena. Ukiwa umebaki palepale, funga betri urudi kazini. Ukiwa umeshuka peke yake basi huo umekufa. Ukikuta upo chini ya 2 na umekaa hivyo miezi, usihangaike nao, maana seli ikishuka sana ile shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, ukija kuichaji shaba inajijenga sehemu isiyotakiwa na siku moja inapiga shoti humohumo ndani wewe umelala. Kuna kamchezo ka kugusisha waya toka betri nzima ili "kuiamsha" iliyokufa. Inaamka kweli, sikatai. Mimi kwangu siifanyi kwa seli iliyozikwa.

Kubadilisha mmoja au zote? Betri ikiwa ina mwaka mmoja tu, badilisha mstari uliokufa, weka seli ya aina na uwezo uleule na uhakikishe volti zinalingana na wenzake kabla ya kuunga. Ikiwa na miaka minne badilisha zote, kwa sababu seli mpya ukiichanganya na wazee betri itakatika pale mzee wa kwanza atakapoishiwa, mpya inabaki na chaji ambayo huwezi kuitumia.

Shikamoo fundi. Niko Nachingwea nafanya alumini, nimepata betri za laptop mbovu nyingi za bure, seli zake zinaingia vizuri kabisa kwenye betri ya drili. Niweke?

Marahaba kijana. Kuingia zitaingia maana saizi ni ileile, lakini hazitaiweza kazi. Laptop inavuta umeme pole, seli zake nyingi zimetengenezwa kutoa ampia 4 au 5 hivi. Drili ikibanwa kwenye zege inavuta 20 na zaidi, na kwenye betri ya seli tano za siriz hizo ampia zote zinapita kwenye kila seli, hazigawani. Utaona drili inazunguka vizuri hewani, ukigusa ukuta tu inazima, ukilazimisha seli zinachemka. Tafuta seli zinazotoa ampia nyingi, mfano Samsung 25R, ina 2500 mAh tu, yaani kiasi cha chaji inachobeba, lakini inatoa ampia 20. Watu wanakimbilia mAh kubwa wakati kwa drili ampia ndo zinaanza. Hizo za laptop pima, zenye afya tengenezea tochi, redio au pawabenki, bure ni bure.

Mimi nina duka la vifaa Lindi mjini. Nimeletewa seli zimeandikwa 9900 mAh bei rahisi, niuze?

Mama shikamoo. Usiuze, watakurudishia. 18650 nyingi nzuri zinaishia kwenye 3500 hivi, hakuna ya 9900. Weka moja kwenye mizani ya jikoni ya dijitali, nzima inakuwa na gramu 45 au zaidi kidogo, hizo nyingi ni nyepesi, zimewahi kupasuliwa zikakutwa zina kaseli kadogo ndani na unga umejaziwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua 20 sehemu moja kwa pupa, zikawa taa za vyumba.

Habari fundi, naunda mashua Mikindani. Binamu yangu anasema anaweza kuunga seli kwa risasi ya kawaida ya kulehemu, hakuna haja ya mashine. Ni kweli?

Kuunga ataunga, na kesho betri itafanya kazi vizuri, ndo maana watu hawaamini. Shida ni joto. Ile pasi ya kulehemu ukiikandamiza kwenye makalio ya seli mpaka risasi ishike, joto linaingia ndani, linaunguza ngozi nyembamba inayotenganisha chanya na hasi. Nimeunga hivyo zamani nikijiona mjanja, betri ya mteja ikafa ndani ya wiki sita, nikalipa. Mashine ya kuchomea nikeli kwa nukta inapiga kwa muda mfupi mno, hata kidole hakihisi. Kama hana, atafute fundi mwenye nayo amlipe kazi hiyo tu, mengine afanye mwenyewe.

Nikeli nayo ina mambo. Kuna nikeli tupu na kuna chuma kilichopakwa nikeli, ukiangalia ni mapacha. Ikwaruze, itumbukize kwenye maji ya bahari, na nyie hapo bahari ipo mlangoni, asubuhi ikiwa na kutu ni chuma. Chuma kinapitisha umeme vibaya na kwa hewa yetu ya chumvi hakikai.

Na kitu ambacho wengi wanasahau: mwili mzima wa seli ni hasi, mpaka kwenye mabega pale juu jirani kabisa na chanya, kinachotenganisha ni kile kiplastiki chembamba tu. Weka kale ka pete ka karatasi ngumu juu ya kila chanya kabla ya kuweka nikeli. Drili inatikisika, nikeli inasugua plastiki, plastiki ikitoboka ni shoti isiyopita kwenye bodi yoyote, moto moja kwa moja.

Nachonga vinyago Newala, kibanda changu ni bati. Kazi ikipungua betri nazihifadhi zimejaa ili zisife. Nafanya sawa?

Hapana mkuu, lakini kosa lako ni la wengi. Kujaa pamoja na joto ndo vinaizeesha seli hata kama huitumii. Iache nusu, ukipima jumla iwe kama 19 hivi, usiiache imechomekwa kwenye drili, na kila miezi miwili mitatu ipime. Bati la mchana usiiweke chini yake, ipeleke ndani ya nyumba. Bahati yenu huko juu kuna ubaridi, sisi huku pwani tunachemka. Na betri ikitoka kazini ya moto, iache ipoe ndo uchaji.

Nina drili ya zamani ya nikeli-kadmiamu volti 18, niko Ruangwa. Naweza kuweka lithiamu ndani?

Unaweza, seli tano badala ya zile 15 za volti 1.2, nafasi itabaki. Lakini lazima uweke bodi ya ulinzi ya seli tano, na chaja ya zamani uiweke pembeni kabisa, ile haijui kusimama kwenye 21, itaendelea kusukuma mpaka balaa. Hizo kadmiamu za zamani usizitupe kwenye shimo la taka linalochomwa, ni sumu. Na lithiamu mbovu vilevile, ziba ncha kwa tepu, tia kwenye ndoo ya mchanga nje ya nyumba, mimi yangu iko nyuma ya kibanda chini ya mwembe na watoto wameshaambiwa.