Nafuu si kupona: rudisha hizo dawa ulipozitoa

Mkuu, usizitupe hizo pregabalini, dawa zako za maumivu ya neva. Na mzigo wa Jumatatu mwachie mtu mwingine.

Umeandika hapa jukwaani kwamba kiuno kimekutesa miezi minane na maumivu yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu. Umechomwa akupancha, zile sindano za tiba ya Kichina, mara moja, umekaa siku tatu mwepesi, na aliyekuchoma amekuambia nishati imefunguka, umepona. Sasa unataka kuacha dawa, kufuta miadi ya mtaalamu wa tiba viungo na kurudi kubeba. Halafu unauliza sindano zinatulizaje maumivu, na kama mashine ya kutia sindano umeme ni ya lazima. Naanza na lile ambalo hukuliuliza, kwa sababu kosa hilo nimeshalilipia na sitaki ulilipie na wewe.

Nafuu si kupona. Ukikumbuka hayo maneno matatu tu katika yote nitakayoandika, inatosha.

Angalia kinachofanyika pale kitandani. Sindano ya akupancha haina tundu na haiingizi dawa. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, kwa kiuno unene wake ni kama milimita 0.25 hadi 0.30 na urefu milimita 40 au 50. Nyongani, kwenye nyama nyingi, hufika 75. Inakuja ndani ya kijimrija cha plastiki. Mtaalamu anasimamisha mrija juu ya ngozi, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole, anautoa mrija, kisha anasukuma taratibu. Ngozini unasikia kama umeguswa na sisimizi. Kinachotafutwa kiko chini zaidi: ncha ikiingia kwenye msuli unasikia uzito, kuvutwa, ganzi kidogo, hali ya msuli uliochoka inayosambaa polepole. Wachina wanaiita deqi. Mwenye mkono mzoefu naye anaisikia kwenye vidole vyake, sindano iliyokuwa inazunguka bure inashikwa ghafla. Wachina wa kale waliifananisha na samaki anayeuma chambo. Mtafiti Helene Langevin na wenzake walionyesha kwamba sindano ikizungushwa, nyuzi za tishu unganishi, yaani nyama nyembamba inayoshikanisha sehemu za mwili, hujisokota juu yake kama uzi kwenye kijiti. Ndiyo maana hiyo deqi haiji kwa sindano iliyopachikwa juu juu na kuachwa.

Ule uzito ni taarifa. Inasafiri kwa neva nyembamba za msuli mpaka uti wa mgongo, na hapo inaanza kuingilia maumivu yako. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965 walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango: taarifa za neva nyingine zikiwahi pale, ishara za maumivu zinapita kwa shida. Taarifa inapanda zaidi hadi kwenye shina la ubongo, na ubongo unateremsha amri ya kuzima maumivu, kwa kutumia kemikali za serotonini, noradrenalini na endofini; endofini ni afyuni ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Hili lilipimwa kwa watu mwaka 1977. Mayer na wenzake walitia meno ya watu umeme ili yaume, wakawachoma sindano kati ya kidole gumba na cha shahada, maumivu yakashuka. Walipowapa naloksoni, dawa inayozuia afyuni kufanya kazi, nafuu ikaondoka. Na pale pale ilipochomwa sindano, seli zinaachia adenosini, kemikali ambayo inatuliza neva za jirani. Timu ya Maiken Nedergaard ilionyesha hivyo kwa panya mwaka 2010: panya waliozaliwa bila kipokezi cha A1, yaani kile ambacho adenosini hukishika ili ifanye kazi, hawakupata nafuu yoyote.

Sasa pitia tena aya hiyo, nionyeshe mahali ambapo diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imerudi ndani. Nionyeshe mahali ambapo neva iliyobanwa imeachiwa, au misuli midogo ya kando ya uti wa mgongo, iliyonyauka kwa miezi minane ya kujikunja, imejaa tena. Hapapo. Kilichobadilika ni sauti ya maumivu, na kemikali zilizoipunguza zinaisha zenyewe baada ya saa kadhaa, pengine siku mbili tatu. Hizo siku tatu zako zina hesabu kamili. Hazikuwa muujiza na wala hazikuwa uongo.

Ndipo linapokuja kosa la gharama kubwa, na ninaomba ulisome polepole.

Siku ya kwanza unaacha dawa. Pregabalini hukatwa kwa kupunguza dozi kidogo kidogo, angalau kwa wiki moja, chini ya daktari aliyekuandikia. Ukiiacha ghafla mwili unadai: usingizi unakimbia, kichwa kinauma, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, na maumivu yenyewe yanarudi. Siku ya pili, kwa sababu unajisikia vizuri, unainama na kunyanyua. Kuinama huku umejipinda na mzigo uko mbali na tumbo ndiko kunakoibana diski vibaya kuliko vyote, na wewe umeondolewa mlinzi aliyekuwa anakukataza, yaani maumivu. Siku ya nne au ya tano kiuno kinakaza, mguu unawaka. Je, ni dawa iliyokatwa ghafla? Ni mzigo? Ni sindano iliyoisha nguvu? Huwezi kujua, daktari hawezi kujua, aliyekuchoma hawezi kujua, kwa sababu vitu vitatu vimebadilishwa ndani ya siku tatu. Hapo unarudi mwanzo, tena nyuma ya mwanzo, maana sasa umeongeza hofu ya kuinama, na hofu hiyo ni chakula cha maumivu sugu. Mwisho unaandika uzi mwingine kwamba akupancha ni utapeli.

Huyo aliyekuambia umepona baada ya kikao kimoja amekukosea, na ninalisema kwa hasira. Mtu mwenye sindano mkononi anajua kwamba maumivu yaliyopita miezi mitatu yanaitwa sugu, na maumivu sugu hayachomwi mara moja. Anajua pia kwamba uti wa mgongo na ubongo wa mtu aliyeumwa muda mrefu vimezoea kupiga kelele kwa jambo dogo, na kuvituliza kunahitaji kurudia. Kama hajui, amekuwa anawachoma watu gizani. Na wale wanaouza "pointi ya siri", yaani mahali maalumu pa kuchoma, ndio wananichosha zaidi. Ujerumani walifanya utafiti wa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, ukachapishwa mwaka 2007: vikao kumi vya nusu saa, viwili kwa wiki. Baada ya miezi sita waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za pointi za Kichina, asilimia 44.2 kwa sindano za juu juu nje ya pointi, na asilimia 27.4 kwa dawa na mazoezi ya kawaida. Soma namba hizo mara mbili. Kuchomwa kozi nzima kulishinda matibabu ya kawaida kwa mbali, lakini pointi yenyewe haikuleta tofauti kubwa. Anayekutoza kwa siri ya pointi anakuuzia kipande kidogo kuliko vyote.

Vikao kumi, mkuu. Si kimoja. Andrew Vickers na wenzake mwaka 2018 walikusanya data za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 ya kiuno na shingo, bega, magoti na kichwa, wakakuta kwamba baada ya kozi kumalizika nafuu ilipungua kwa takriban asilimia 15 tu ndani ya mwaka. Kwa hiyo nafuu ya kudumu ipo, ila inatokana na kozi.

Hivyo fanya hivi. Kabla ya kikao kijacho andika namba ya maumivu, 0 hadi 10, asubuhi na usiku, pamoja na dakika unazoweza kutembea kabla mguu haujaanza kuwaka. Mbili tu, usijaze daftari. Endelea na dozi ya dawa ile ile. Vikao viwili kwa wiki, dakika 20 hadi 30, na siku inayofuata kikao usishangae ukisikia uchovu au maumivu ya msuli. Hayo hupita ndani ya siku moja au mbili. Yakizidi hapo, mwambie apunguze idadi ya sindano na asizizungushe sana. Wapo watu ambao sindano nne zinawatosha na kumi na tano zinawaangusha.

Siku zile za nafuu ndizo za kufanyia kazi ambayo maumivu yalikuzuia. Kutembea. Kama ulikuwa unaweza dakika 8, nenda 10, usiende 40 kwa sababu unajisikia kijana. Mazoezi aliyokupa mtaalamu wa viungo yafanye siku hizo hasa, taratibu, na ndiyo sababu miadi yake haifutwi: sindano inakufungulia mlango, yeye ndiye anayekupitisha. Baada ya kikao cha sita linganisha namba. Kama maumivu yameshuka kwa theluthi hivi, au dakika za kutembea zimepanda vizuri, maliza kozi, kisha zungumza na daktari kuhusu kupunguza dawa, kitu kimoja kwa wakati. Kama namba zimesimama pale pale, acha, hata kama anakuahidi cha saba ndicho chenyewe.

Usichanganye hali yako na ya mtu ambaye kiuno kimekaza jana. Huyo ni mwingine kabisa. Maumivu mapya yanatoka kwenye jeraha ambalo mwili tayari unaliponya, na sindano inamsaidia avuke siku mbaya. Mara nyingi kiuno chenyewe hakiguswi: sindano mbili zinawekwa nyuma ya kiganja, moja kati ya mifupa ya kidole cha pili na cha tatu, nyingine kati ya cha nne na cha tano, halafu mtu anaambiwa asimame, atembee, ajipinde kidogo kidogo huku sindano zikizungushwa. Vikao viwili vitatu, basi. Watu wanaona hayo, wanadhani na wewe wa miezi minane utaondoka hivyo hivyo. Ndiko huko uongo wa "umepona" unakoanzia.

Na kabla ya sindano yoyote, ya maumivu mapya au ya zamani: ganzi kwenye sehemu za siri na pale makalio yanapokalia, mkojo unaokataa kutoka au kujitokea, mguu unaoburuzika, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku kila unapolala. Ukiwa na hata kimoja, usiende kuchomwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kutuliza maumivu ya namna hiyo ni kumziba mdomo mtu anayepiga yowe la moto. Hukutaja lolote kati ya hayo, lakini pia hukusema kama umewahi kupimwa. Umepimwa?

Umeme si wa lazima. Unasaidia wengine, na si uchawi: mtafiti Ji-Sheng Han alionyesha kwamba mapigo 2 ya umeme kwa sekunde hufanya mwili uachie enkefalini na endofini, na mapigo 100 hufanya uachie dinofini, zote afyuni za mwili wenyewe, ndiyo maana mashine nyingi zinabadilishana kati ya hizo mbili. Mkondo unatosha ukiona msuli unarukaruka kidogo bila kuuma. Usikubali kuachwa kwenye waya saa nzima eti ipone haraka. Kwa panya waliochochewa saa nyingi mfululizo nafuu ilififia, kwa sababu mwili hutoa kemikali ya kupinga ile afyuni yake. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe kabisa.

Ukirudi kwa huyo mtu, sindano zifunguliwe kwenye paketi mbele ya macho yako na zitupwe baada ya kutumika mara moja. Akianza kushuka na sindano ndefu kwenye bega au mgongo wa juu, muulize anaelekea wapi, maana mapafu yako karibu hapo kuliko watu wanavyodhani. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie kabla hujalala kitandani. Kisha muulize swali moja: kozi ni vikao vingapi, na tutaamua lini kwamba haifanyi kazi? Akishindwa kutaja namba, tafuta mwingine.

Dawa ya usiku wa leo meza kama kawaida. Kesho asubuhi andika namba ya kwanza, na baada ya kikao cha sita zilete zote hapa kwenye uzi tuzisome.