Kwenye skrini inang'aa, ikiprintiwa giza

SWALI: Habari za kazi kaka, nina studio ndogo ya picha hapa Area C, Dodoma. Picha za sendofu nikiziedit zinapendeza, nikiprinti sura zinatoka nyeusi na kitenge chekundu kinafifia. Nimebadilisha wino lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Wino usiulaumu kwanza, anza na mwanga wa monita maana nyingi zinatoka dukani zinawaka mno, we unaona picha imetosha mwanga kumbe ni taa ya skrini, karatasi haina taa yake lazima itoke giza. Shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini ushushe mwanga mpaka vifanane, kwa vipimo ni kandela 80 hadi 120 hivi kwa mita ya mraba, weupe wa skrini weka 6500K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Kalibreta, kile kifaa cha kupima na kurekebisha rangi za skrini, ukipata hata ya kuazima, itumie. Halafu chagua profaili (faili linaloeleza rangi zinavyotoka kwenye karatasi fulani) ya karatasi ileile unayoprintia, na programu na printa zisisahihishe rangi kwa pamoja, achia moja tu ifanye, hapo ndo sura zinaharibika kabisa. Picha ikague dirishani, jua lisiipige moja kwa moja. Ila wekundu mwingine mkali wa kitenge wino haufiki hata ufanyeje, mwambie mteja mapema.