Jini hayumo, mume yumo

Safari hii barua nyingi za ukurasa wa filamu zimetoka Kigoma na Tabora. Tumejibu zile zinazoweza kumsaidia na mwingine.

Swali: Shikamooni. Sisi ni kikundi cha vijana wa Ujiji. Tuliangalia filamu ya kutisha ya Australia, *Wake in Fright*. Hamna jini wala mzimu, ni wanaume na bia zao, lakini tulitoka tumenyamaza. Tukajaribu ya kwetu, dakika 15, kuhusu mume mbabe. Anaingia amelewa, anafoka, anapiga meza. Tulipoionyesha kwenye banda la video watu walicheka. Tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mmekosea hapo hapo mlangoni. Mtu anayeingia akifoka ameshamaliza kutisha. Mtazamaji kamjua, anasubiri tu ugomvi. Tena mmempa chupa, na mtu mwenye chupa mkononi watu husema "ni pombe hiyo" kisha wanamsamehe.

Mtasema mbona ile filamu ya 1971, aliyoiongoza Ted Kotcheff na kuirekodi pande za Broken Hill, imejaa bia. Ni kweli, lakini angalieni bia inavyotumika. Mwalimu amekwama kwenye mji wa migodi na wenyeji hawamtishi, wanamnunulia. Kukataa glasi ni kuwatukana. Anakunywa, anacheza kamari, hela inaisha, na usiku anajikuta porini akiua kangaruu pamoja nao. Hakuna aliyemfungia mlango. Ubabe wa namna hiyo unakuja na tabasamu na mkono begani.

Basi mume wenu awe mtu wa watu. Awasalimie wazee vizuri, ampe jirani lifti ya pikipiki, achekeshe kijiweni. Kisha kila tukio limwondolee mke kitu kimoja tu: kwanza namba ya siri ya simu, halafu hela ya kusuka, halafu shoga yake wa tangu shule, mwisho ufunguo wa mlango wa uani. Kila kimoja kiombwe kwa upole na kiwe na sababu inayoingia akilini. Kofi, kama lazima liwepo, lisitokee kabla ya dakika ya 11.

Kitisho chenyewe kiwekeni kwenye pikipiki. Mara ya kwanza inalia kwa mbali, mke anatabasamu. Mara ya pili anapunguza sauti ya redio. Mara ya tatu watoto wanatoweka sebuleni bila kuambiwa, naye anafunua sufuria kuhakikisha ugali haujapoa. Hapo msikate, mwacheni kwenye fremu moja kwa sekunde 12 nzima, mlio ukikaribia. Mara ya nne pikipiki hailii kabisa. Mke anageuka, mume keshakaa kwenye kochi.

Na msisahau kijiwe. Wenzake wanaocheza bao wakimuuliza "wewe unaulizwa na mwanamke?" ndio wanaomrudisha nyumbani na hasira. Tukio hilo lisizidi dakika moja.

Swali: Habari za kazi. Nyumba tunayorekodia mtaa wa Mwanga, Kigoma, ina bati bila dari. Sauti inavuma kama ya pipa, na jenereta la jirani linasikika kila mahali. Tufanyeje?

Jibu: Hapa ndipo filamu nyingi za nyumbani zinapofia. Picha mbaya mtazamaji huvumilia, sauti mbaya anaondoka.

Mvumo unatokana na kuta tupu na sakafu ya saruji. Tandikeni mkeka na blanketi chini, simamisheni godoro nyuma ya kamera, tundikeni mablanketi manne kwenye kuta zisizoonekana. Maiki iwe juu kidogo ya fremu, sentimeta 30 hadi 40 kutoka mdomoni. Ile iliyo juu ya kamera haifai kwa maneno, maana kila mkisogea mbali inakusanya chumba badala ya mtu. Kwenye kipimo cha kinasa sauti, kilele kiguse desibeli -12. Kikifika sifuri kimepasuka na hakuna wa kukirekebisha.

Bati hulia lenyewe linapopata joto asubuhi na linapopoa jioni, kwa hiyo yapangeni mazungumzo nje ya saa hizo. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, rekodini picha tu na maneno myasubirishe. Jenereta halina dawa: kubalianeni na jirani saa moja ya kulizima, mmlipe mafuta ikibidi. Friji lizimeni pia, na ufunguo wa pikipiki uwekeni humo ndani ili msiondoke bila kuliwasha.

Kabla ya kuhama chumba, kila mtu anyamaze mrekodi sekunde 60 za ukimya wake. Mhariri atazitumia kuziba mapengo. Bila hizo, kila mkikata, ukimya unaruka na mtazamaji anashtuka mahali msipotaka.

Swali: Nipo Tabora, narekodi kwa simu. Nikiwasha taa za ndani, mistari myeusi inapanda kwenye picha. Simu mbovu?

Jibu: Simu nzima. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa hupepesa nao; simu nyingi hurekodi fremu (picha) 30 kwa sekunde, haziendani. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari itapotea. Balbu za LED za bei rahisi huweza kuendelea kupepesa hata hapo, badilisha balbu. Funga na mwangaza wa kamera ya simu usijirekebishe wenyewe, la sivyo mwigizaji akipita mbele ya dirisha ukuta mzima utabadilika rangi.

Swali: Mwigizaji wetu wa kike, anayecheza mke wa mume mbabe, alipigwa kofi la kweli, muongozaji akasema ndiyo uhalisia. Amegoma kurudi. Tumbembeleze vipi?

Jibu: Msimbembeleze. Mwombeni radhi, na muongozaji awe wa kwanza. Mmetengeneza filamu ya kulaani ubabe kwa ubabe.

Kofi la filamu halimgusi mtu. Kamera iwe nyuma ya bega la anayepigwa, mkono upite sentimeta 30 mbele ya uso wake. Lenzi haionyeshi pengo hilo. Yeye ageuze kichwa mkono unapopita, mlio mtauongeza baadaye. Kwenye kuvutwa nywele, anayevutwa ndiye ashike kifundo cha mkono wa mwenzake na kujiongoza mwenyewe. Rudieni polepole mara tatu, na liwepo neno moja ambalo yeyote akilisema kazi inasimama.

Swali: Wazee wanasema haya ya kulaani mume anayempiga mkewe ni mambo ya Wazungu. Tuwajibu nini?

Jibu: Kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo ni rika moja na filamu ya Kotcheff. Kibali cha Bodi ya Filamu kipateni kabla ya kurekodi. Kwa kuanzia, mwoneni afisa utamaduni wa wilaya.

Swali: Tunataka tukio la mwisho la filamu yetu ya mume na mke ufukweni Kibirizi, Kigoma, taa za wavuvi wa dagaa zikionekana Ziwa Tanganyika nyuma ya mke. Tarehe gani nzuri?

Jibu: Siku za giza. Kwenye mbalamwezi taa haivuti dagaa, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Ulizeni pia kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Fikeni kabla jua halijazama ng'ambo ya Kongo. Mna kama dakika 20 ambazo uso wa mke na taa za wavuvi vyote vinasomeka kwenye picha moja; baada ya hapo zinabaki taa peke yake.