Maji ya Wadai si mchezo tu

Ndugu uliyeuliza kama Wadai, kabila la kusini magharibi mwa China, wanamwagiana maji kwa kujifurahisha tu: furaha ipo, lakini msingi wake ni ibada. Sherehe yao ya kumwagiana maji, katikati ya Aprili, ni mwaka mpya wa kalenda yao, na kabla ya watu kurushiana maji barabarani, waumini huenda hekaluni kuosha sanamu za Buddha kwa maji yenye manukato, kwa kuwa wengi wao hufuata Ubudha wa Theravada, tawi la kale la dini hiyo, kama majirani zao wa Laos, Myanmar na Thailand.

Heshima hiyo kwa maji inaeleweka zaidi ukiitazama nchi yenyewe. Wadai wengi wanaishi kusini na magharibi mwa mkoa wa Yunnan, hasa Dehong na Xishuangbanna; huko Xishuangbanna mto Mekong, unaoitwa Lancang nchini China, unapita kati ya mabonde ya mpunga. Jina Xishuangbanna lenyewe linatokana na maneno ya Kidai, Sipsong Panna, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa mashamba elfu kumi na mbili ya mpunga.

Nyumba zao za jadi, za mianzi au mbao, husimama juu ya nguzo: watu hukaa juu, mbali na unyevu, na chini huwekwa mifugo na zana. Kwangu mimi, hazina kubwa zaidi ni maandiko yao yaliyochorwa kwenye majani makavu ya mti wa jamii ya mitende, ambayo wavulana walijifunza kuyasoma hekaluni walipokuwa watawa wanafunzi.