Kuitikia siyo kuelewa, mama

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza uanze kumwandikia mumeo kila mnachokubaliana, maana kwenye simu anaitikia tu halafu kila mtu anafanya lake, mpaka ada ya mtoto imechelewa. Ya kuandikiana mtajuana wenyewe huko Geita. Mimi nasema lile lile, kuitikia siyo kuelewa.

Si unakumbuka babu yako na meza yake pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza? Kuna siku alikuja mnunuzi wa dagaa kutoka Kongo, Kiswahili chake kinaenda huku chetu kinaenda kule, mimi nipo pembeni nashona magunia. Babu akachota dagaa gunia hili, akachota na lile, akamwekea viganja viwili mbele yake. Wa kushoto walianikwa chini, ukiwasugua mchanga unabaki vidoleni, wa kulia walianikwa juu ya chanja, wanang'aa. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, mzee hakuridhika, akamuuliza, "Haya, kesho nakupakilia nini?" Akajibu wa chanja, tena asikute wale wa chini wamechanganywa humo. Babu akacheka sana! Hilo la kuchanganya hakuna aliyekuwa amelitaja, na lingekuja kuzua ugomvi gari likishapakiwa. Mpaka leo nikipita pale nafurahi mwenyewe.

Ndo maana ulivyokuwa chuo ukanisimulia wale Wamarekani, Herbert Clark na Susan Brennan, walioandika mwaka 1991 kwamba mazungumzo ni kazi ya wote wawili, neno halijafika mpaka msemaji na msikilizaji waridhike limeeleweka vya kutosha kwa shughuli iliyopo, nikakwambia hayo si ndiyo ya babu yako kabisa!

Ila mume naye siyo mteja. Ukimwambia mtu mzima hebu rudia nilichosema, anaona unampima kama mwanafunzi, baba yako ningemwambia hivyo asingegusa chakula. Lakini babu hakusema rudia, aliuliza la kesho. Na wewe muulize, ada unalipa lini, unatuma kwa simu au unapita benki? Akijibu utajua alichobeba kichwani. Kuitikia siyo kuelewa, mama, sitaacha kulisema.

Sasa nani kakosea kwenye hiyo ada, ninalo la kusema na limenikaa hapa kooni, ila mkwe wangu sijamsikia. Njooni wikiendi, daraja la Kigongo–Busisi lipo, hamna tena kungoja kivuko. Nimsikie na yeye kwanza.

Mama yako