Kabla hujasema wafanyakazi wameridhika, rusha shilingi kwanza

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio Dar es Salaam, niliandaa dodoso la maswali 12, nikalichapisha, nikawapa wasimamizi wa zamu wawagawie watu wao. Yalirudi karibu yote. Wastani wa kuridhika ulikuwa juu ya 4 kati ya 5. Niliusoma mbele ya uongozi na kila mtu akafurahi. Mwezi haukuisha, mafundi mashine wa zamu ya usiku wakaanza kuacha kazi mmoja baada ya mwingine, na wengine hata notisi hawakuandika.

Mmoja wao alirudi kufuata cheti chake cha utumishi. Nikamuuliza kwenye dodoso alijaza nini. Akasema, "Kaka, ile karatasi nimeijaza msimamizi kasimama hapa pembeni, kalamu yenyewe kanipa yeye. Ningeandika nini?"

Jibu lile lilinifundisha kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kile nilichokihesabu, maana nilikuwa nimepima woga nikauita kuridhika. Ukiwa na kazi kama yangu, au una duka lenye vijana sita, au unaendesha shule, naomba uanzie hapo: kabla ya kutafuta fomula yoyote, jiulize mtu anayekujibu atapoteza nini akisema kweli.

Njia iliyonisaidia ni ya zamani. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alionyesha namna ya kuuliza swali nyeti kwa kutumia bahati, ili jibu la mtu mmoja lisimfichue ila majibu ya wengi yaseme ukweli. Mimi natumia toleo lake jepesi, la sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania, yenye sura ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Mtu anaingia peke yake nyuma ya maboksi stoo, anarusha sarafu, hakuna anayemwona. Ikitua upande wa Karume, anaweka tiki kwenye "Ndiyo" bila kujali swali. Ikitua upande wa simba, anajibu ukweli wake. Swali lilikuwa moja tu: katika miezi 3 iliyopita, umewahi kufikiria kuacha kazi kwa sababu ya jinsi msimamizi wako anavyokutendea?

Karatasi hiyo hata ikiangukia mikononi mwa msimamizi, haina la kumwambia. Tiki ya "Ndiyo" inaweza kuwa ya Karume tu.

Ila mimi ninayezikusanya zote ninajua kitu kimoja: karibu nusu ya sarafu zitatua upande wa Karume. Namba halisi za pale sitaziweka hapa, ni siri ya watu walioniamini, kwa hiyo chukua hizi za mfano. Watu 80 wamejibu, 56 wameandika "Ndiyo". Kati ya 80, kama 40 waliambiwa na sarafu. Zinabaki "Ndiyo" 16, nazo zimetoka kwa wale 40 waliojibu ukweli. Kwa hiyo 16 kwa 40, asilimia 40, wamewahi kufikiria kuondoka kwa sababu ya msimamizi. Hujui ni nani hata mmoja, lakini unajua tatizo lina ukubwa gani.

Usiri huu una gharama yake, na ni vizuri uijue mapema. Sarafu haitui 40 kwa 40 kila mara, na asilimia ya "Ndiyo" ikipinda, makadirio yako yanapinda mara mbili yake. Kwa watu 80, ile asilimia 40 inaweza kwa kweli kuwa 20 au hata 60. Ndiyo maana siwezi kusimama kwenye kikao nikasema "ni asilimia 40 kamili". Ninasema si jambo la watu wawili watatu wenye kisirani, na hilo lenyewe ni habari kubwa kwenye kiwanda kilichokuwa kinasherehekea wastani wa 4.

Mara ya kwanza watu hawakuelewa. Dada mmoja wa kitengo cha kufunga mizigo aliniuliza, "Kwa hiyo nikiandika Ndiyo wakati si kweli, sijadanganya?" Nikamwambia ikitua Karume, si yeye anayejibu, ni shilingi. Tukafanya mazoezi na swali jepesi, "Umekunywa chai leo asubuhi?", tukahesabu pamoja pale kantini. Hesabu ilipokaribia idadi ya waliokunywa chai kweli, nyuso zikabadilika. Mazoezi hayo usiyaruke. Mtu ambaye hajaielewa sarafu haiamini, na asiyeiamini atajibu kama alivyomjibu msimamizi.

Sarafu inakuambia tatizo lina ukubwa gani, haikuambii linafuatana na nini. Hapo ndipo inapoingia korelesheni, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kinaanzia -1, kimoja kikipanda kingine kinashuka, hadi +1, vinapanda pamoja. Sifuri maana yake havifuatani kwa mstari ulionyooka. Kwenye Excel ni fomula ya CORREL. Kwa majibu ya 1 hadi 5, mimi hupanga kwanza majibu kwa nafasi (la chini kabisa, la pili, la tatu, hivyo hivyo) ndipo nikokotoe. Njia hiyo ya nafasi aliileta mwanasaikolojia Charles Spearman mwaka 1904, nayo inafaa kwa sababu umbali kati ya "siridhiki" na "wastani" si lazima ulingane na ule wa kati ya "naridhika" na "naridhika sana".

Kwa kazi hii nilitumia dodoso lisilo na jina, lenye kitengo, zamu na maswali yenyewe tu, likitumbukizwa kwenye sanduku lililofungwa. Vitengo vya watu wachache sana niliviunganisha, maana ukisema "stoo, zamu ya usiku" na yuko mmoja, umeshamtaja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, hilo ni deni lako kwa mtu aliyekufungulia moyo.

Nilianza na mshahara, kama kila mtu. Nikapata kitu cha ajabu: waliokuwa wanapata zaidi ndio walioridhika kwa kiwango cha chini zaidi. Bosi mmoja aliona pale sababu ya kutoongeza mishahara. Nilikataa kuiacha namba ile iondoke mezani ikiwa peke yake. Angalia mfano huu wa watu wanne. Wawili wa mchana: mmoja anapata 380,000 na kuridhika kwake ni 3, mwingine 420,000 na kuridhika 4. Wawili wa usiku: mmoja 460,000 na kuridhika 1, mwingine 500,000 na kuridhika 2. Ukiwaweka wote kwenye chungu kimoja, korelesheni ni -0.6, kana kwamba pesa inachukiza. Ukiwatenganisha kwa zamu, ndani ya kila zamu anayepata zaidi ameridhika zaidi. Usiku ulikuwa unalipa zaidi kwa sababu ya ovataimu na posho ya usiku, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kilichowachosha ni usiku wenyewe, wala si fedha.

Nchi nyingine wameshapima jambo hili kwa upana. Mwaka 2010 mtafiti Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakakuta uhusiano wa kiwango cha mshahara na kuridhika kazini ni karibu 0.15. Upo, ni mdogo. Ila naomba mwajiri asiikimbilie namba hiyo. Mtu ambaye mshahara unaishia tarehe 15, tena kodi ya chumba haijalipwa, ana mambo mengine ya kufikiria kabla hajaulizwa kama kazi inampa maana.

Kingine kinachowaponza wengi ni bahati kuvaa nguo za ukweli. Ukiwa na watu 12 tu, korelesheni ya 0.5 inaweza kujitokea yenyewe bila kuwepo uhusiano wowote. Kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani kukubali bahati ikudanganye mara 5 kati ya 100, watu 12 wanahitaji kufika karibu 0.58 ndipo uanze kushtuka. Kwa watu 80, hata 0.22 inatosha. Tena ukiyalinganisha maswali 20 yasiyohusiana na kitu, uwezekano kwamba angalau moja litaonekana lina uhusiano ni kama asilimia 64. Kwa hiyo andika kwanza unachokitafuta, ndipo ufungue sanduku.

Mimi niliandika mambo matatu: mshahara, msimamizi, na ratiba ya zamu. La tatu alinipa yule yule fundi aliyefuata cheti. Ratiba ya kitengo chao ilikuwa inabandikwa Jumamosi jioni kwenye mlango wa stoo, karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa makapeni na kushikwa na selotepu. Watu waliokwishaoga na kuvaa nguo za nyumbani wanasogea mmoja mmoja na simu, wanaipiga picha, halafu unamwona mtu kasimama kando ananong'ona kwenye simu, "Shoga, Jumatatu naingia usiku, mtoto unaweza kunikalia?" Kitengo cha pili, uani hapo hapo, walikuwa wanaijua yao tangu Jumatano.

Majibu yalipotoka, idadi ya siku ambazo mtu anaijua zamu yake mapema ilifuatana na kuridhika zaidi kuliko mshahara, na ilikuwa hivyo mchana na usiku pia. Lakini nilisita. Huenda msimamizi mwenye utu ndiye anayebandika mapema, na watu wanampenda yeye, si karatasi yake. Korelesheni haiwezi kukutenganishia hayo hata uikokotoe mara mia. Inabidi uguse kitu kimoja, vingine uviache. Nikaomba kitengo cha Jumamosi kibaki na msimamizi yule yule, mshahara ule ule, mashine zile zile, ila ratiba ibandikwe Jumatano, kwa miezi 2. Msimamizi hakupenda. Alisema oda za wateja zinabadilika hadi Ijumaa, na hilo ni kweli, kwa hiyo tukakubaliana kwamba mabadiliko ya baada ya Jumatano yatangazwe kwa kumpigia simu mhusika, si kwa kufuta jina lake kimya kimya.

Tulirudia sarafu baada ya miezi hiyo. "Ndiyo" zilipungua. Kwa jinsi nilivyoeleza juu ya kupinda kwa sarafu, sikuthubutu kutaja ni kwa kiasi gani, nikaomba tuendelee miezi mingine 2 na kitengo cha tatu kiingie.

Jumatano ya kwanza ya awamu ile nilikuwa pale mlangoni wakati karatasi inabandikwa, saa 9 alasiri. Yule dada wa kitengo cha kufunga mizigo, aliyeniuliza kuhusu kudanganya, alipiga picha yake, akaangalia wiki nzima kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Na ya wiki ya Krismasi nayo itatoka Jumatano?"