Maswali ya Wasomaji: PS5, Xbox au Switch 2, na zijazo tuzisubiri?

Ndugu wahariri, nina banda la gemu Mwanjelwa lenye PS4 (PlayStation 4) nne na pedi nane za kuchezea. Nimeweka akiba ya mashine mbili mpya. Vijana wawili wanaosimamia banda hawaelewani: mmoja anataka PS5, mwingine anasema Xbox Series S kwa sababu bei yake ni nafuu. Wateja karibu wote ni wa mpira. Nichukue ipi?
*Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Chukua PS5 yenye sehemu ya diski. Sababu si nguvu ya mashine, ingawa najua hapo ndipo vijana wako wanapobishania. Kwa karatasi, Xbox Series X ina teraflopu 12 (kipimo cha kasi ya mashine kukokotoa), PS5 ina 10.28, na Series S ina 4. Zote tatu zilitoka Novemba 2020. Mteja aliyekaa mita mbili kutoka kwenye TV ya inchi 32 hatazitofautisha hizo mbili za kwanza, na hata Series S kwenye TV ya HD ya kawaida inacheza mpira vizuri tu. Kwa banda, mambo ya kutazama ni diski, pedi na umeme.

Tuanze na diski. Series S haina mahali pa kuiingiza, kwa hiyo kila gemu lazima lishushwe kwa intaneti. Gemu kubwa siku hizi hufika GB 100. Kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika, hizo ni saa 22 hivi za kushusha gemu moja, kwa mashine moja. Kwa bando la simu, gharama hiyo peke yake inaweza kula faida uliyoipata kwenye bei ya mashine. PS5 yenye diski inasoma diski za PS4 ulizo nazo, isipokuwa magemu machache sana. Diski za PS3 na PS2 haizisomi. Na diski ya mpira ya msimu uliopita unaweza kuiuza au kubadilishana na mwenzako. Gemu la kushusha likishaingia kwenye akaunti, limebaki humo.

Pedi ndiyo gharama ambayo wengi huigundua wakiwa wameshafika nyumbani. Pedi zako nane za PS4 zitaunganika na PS5, lakini zitacheza magemu ya PS4 tu. Ukiweka gemu la PS5 zitakataa, na hakuna namna ya kulirekebisha hilo kwenye mipangilio. Hapa Xbox imewashinda wenzake kabisa: pedi za Xbox One, mashine ya kizazi kilichopita, zinacheza kila kitu kwenye Series S na Series X. Ila wewe huna pedi za Xbox, kwa hiyo ushindi huo haukusaidii. Boksi la PS5 linakuja na pedi moja. Mashine mbili kwa wachezaji wawiliwawili ni pedi mbili za kuongeza, na ya tatu ya akiba, kwa sababu banda linaua pedi.

Zinakufa hivi. Chini ya kila kijiti kuna utepe mwembamba wa kaboni unaosuguliwa kila mchezaji anapokimbiza mtu wake. Utepe ukilika, mchezaji anatembea mwenyewe kushoto hali kidole hakijagusa kitu. Dawa ya kwanza ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: zima pedi, sukuma kijiti upande mmoja, dondosha tone moja au mawili kwenye uwazi wa pembeni, kizungushe kwa nusu dakika, kisha iache ikauke nusu saa. Kama tatizo lilikuwa vumbi tu, kijiti kitapona. Kikirudia baada ya siku chache, utepe umekwisha na kijiti kizima kinabadilishwa. Kina miguu 14 iliyochomelewa kwa risasi, na fundi akiharakisha kuing'oa atabandua njia za shaba kwenye bodi. Mwambie afunge vijiti vinavyotumia sumaku badala ya kaboni, halafu avipime katikati yake, kijiti kikiwa kimeachwa huru, kabla hajafunika pedi. Vikifungwa bila kupimwa, vitavuta kama vile vya zamani.

Umeme ndiko Series S inakoshinda, na haki yake ipewe. PS5 ikicheza gemu zito inakula wati 200 hivi, Series S wati 75 hivi. Tuseme una betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Ndani yake mna Wh 1,200 (wati-saa, yaani volti mara Ah), lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo zinazotumika ni 600, na inveta ikichukua sehemu yake zinabaki kama 510. PS5 na TV ya wati 50 zitacheza saa mbili. Series S na TV hiyohiyo saa nne. Kama mtaa wako umeme unakatika kila jioni, wakati banda ndipo linapojaa, basi kijana wako wa pili ana hoja nzito kuliko anavyojua, na hapo ningesema nunua moja ya kila aina. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini zenye wimbi la ngazi hufanya pawasaplai ipate joto na kuvuma.

Kamwene! Nasoma chuo hapa Iringa, nimekusanya hela ya PS5. Kaka yangu ananiambia nitajuta, eti PS6 na Xbox mpya ziko njiani. Nisubiri?
*Msomaji, Iringa mjini*

Kamwene, ndugu yetu. Usisubiri.

Kilichotangazwa hadharani mwaka 2025 ni hiki. Juni 2025 Microsoft ilisema inatengeneza kizazi kijacho cha Xbox pamoja na AMD, kampuni ya chipu, na kwamba magemu ya sasa yataendelea kuchezeka. Oktoba 2025 Mark Cerny wa Sony na Jack Huynh wa AMD walieleza kazi wanayoifanya pamoja, iitwayo Project Amethyst. Inahusu njia mpya za kukokotoa mwanga, kukuza picha kwa akili bandia na kubana data ndani ya chipu. Cerny mwenyewe alisema wakati huo teknolojia hizo zilikuwa bado ni majaribio ya kwenye kompyuta, na kwamba anatamani kuzileta kwenye mashine baada ya miaka michache. Hapakutajwa bei wala tarehe. Anayekutajia teraflopu za PS6 vijiweni anakutajia uvumi.

Halafu tazama mwendo wa nyuma. PS4 ilitoka 2013, PS5 ikaja 2020, na bado gemu la mpira FC 26 la Septemba 2025 limetolewa kwa PS4 pia. Mashine haifi siku mrithi wake anapozaliwa. GTA VI, gemu ambalo vijana wengi ndilo wanalolingojea, kampuni yake Rockstar imelitangaza kwa PS5 na Xbox Series, kwa tarehe 19 Novemba 2026.

Na ile desturi ya zamani ya bei kushuka kadiri mashine inavyozeeka imegeuka. PS5 ya diski ilianza kwa dola 499 Marekani. Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549. Series X nayo ilianza 499, na Oktoba 2025 ikafika 649. Ukikaa na hela mkononi ukingoja punguzo, huenda ukaongeza badala ya kupunguza.

PS5 Pro iache kama TV yako si ya 4K. Ina nafasi ya TB 2 na picha kali zaidi, lakini inauzwa bila kiendeshi cha diski. Jambo moja zaidi: PS5 Slim ya tangu 2023 ina kiendeshi cha diski kinachochomoka. Ukikinunua kando, mara ya kwanza kukiunganisha mashine hudai intaneti. Bila hapo diski haisomwi. Maliza kazi hiyo mjini kabla hujapanda basi la kwenda nyumbani likizo.

Nina watoto wa miaka 8 na 11. Baba yao anataka kuwaletea Nintendo Switch 2 kutoka safarini. Umeme wetu si wa kutegemea. Inafaa?
*Mama wa watoto wawili, Mafinga*

Mama, kwa umri huo na kwa umeme huo, ndiyo mashine inayofaa kuliko zote. Ilitoka tarehe 5 Juni 2025, ina kioo chake cha inchi 7.9, na chaji moja hudumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kutegemea gemu. Umeme ukikatika watoto hawapotezi walipofikia.

Mwambie baba yao aangalie mambo mawili dukani. Kadi ya kumbukumbu ya kuongezea nafasi lazima iwe microSD Express. Ile ya kawaida ya simu inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, lakini haitahifadhi gemu hata moja. Nafasi ya ndani ni GB 256, kwa hiyo mwanzoni hamtaihitaji. La pili: baadhi ya makasha ya magemu yameandikwa mbele Game-Key Card. Kadi hizo hazina gemu ndani, ni ufunguo tu, na gemu lenyewe hushushwa kwa intaneti. Achague yasiyo na maandishi hayo.

Kioo kimebandikwa utando kiwandani wa kuzuia vipande kutawanyika kikivunjika. Watoto wataona ukingo wake na kudhani ni nailoni ya dukani. Wakatazwe kuubandua.

PS5 yangu inavuma kama mashine ya kusaga, halafu inaandika ina joto na kuzima. Haijafikisha miaka mitatu. Fundi anataka kuifungua yote.
*Msomaji, Makambako*

Asiifungue yote kwanza. Kwa upepo na vumbi la Makambako kuanzia Juni mpaka mvua zinaporudi, tunashuku uchafu kabla ya kitu kingine.

Izime kabisa, si kuiweka usingizini (rest mode), kisha chomoa waya wa umeme. Vua vifuniko vyeupe vya pembeni kwa kuvinyanyua kona na kuvitelezesha, hakuna skrubu. Utaona feni, na kandokando matundu mawili madogo ambayo Sony iliyaweka mahsusi kukusanya vumbi. Yanyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi ya nguvu ndogo. Kama una kipulizio tu, zuia feni kwa kidole au kijiti cha mbao isizunguke, kwa maana feni inayozungushwa kwa upepo inazalisha umeme na kurudisha kwenye bodi. Usitumie mdomo, mate yanaingia.

Ukirudisha, iache nafasi ya sentimita 10 pande zote, na isikae juu ya kitambaa cha kufuma, hata kama sebule inapendeza hivyo.

Ikiendelea kuzima baada ya hapo, ndipo fundi. Lakini muulize swali moja: anajua kilichopo kati ya chipu na bamba la kupozea? PS5 haina ile krimu nyeupe ya kompyuta. Ina metali iliyo kimiminika, inang'aa kama zebaki na inapitisha umeme. Tone moja likidondoka nje ya uzio wake wa sponji linaunguza bodi. Fundi akijibu "ni krimu tu, nitabadilisha", beba mashine yako uondoke. Na ukiibeba kwa bodaboda, ilaze kwenye begi, isisimame.

Nauziwa PS5 iliyotumika hapa Tunduma, haina boksi. Nikague nini?
*Msomaji, Tunduma*

Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V inabeba umeme wetu wa 230V. Kikisema 100V peke yake, usiichomeke ukutani. Kisha icheze palepale kwa nusu saa ukitumia diski ya PS5, si ya PS4. Tikisa kidogo waya wa HDMI ukiwa umechomekwa. Picha ikipotea, tundu limelegea. Ingia kwenye akaunti yako kwa intaneti ya simu, kwani mashine iliyofungiwa na Sony hucheza diski vizuri na huonekana nzima mpaka ujaribu kuingia mtandaoni. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, mtandao wa magemu wa Sony, kwa hiyo ukishakuwa na akaunti ya nchi nyingine, kadi za malipo ziwe za nchi hiyohiyo: kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Mwisho, mwambie muuzaji afute akaunti yake na kuirudisha mashine kama mpya mbele ya macho yako, kabla hela haijatoka mfukoni.